Mama Yangu Hakuwa na Njaa, Alikuwa Amefiwa

"Wimbo haujawahi kumdhuru mtu." Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kwaya yetu mbele ya wote, akinitazama mimi. Nimesoma mengi kuhusu hisani ya matajiri na nimebishana na wengi, lakini uongo mwepesi kama huo sijawahi kuusikia.

Admin, nifichie jina. Nina miaka hamsini na mbili, ni mwalimu, naishi na mama yangu kijijini, wilaya ya Kilolo. Mwaka juzi baba alifariki. Siku ya pili ya msiba akapita mgeni wa usharika na kamera. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, pekupeku, kama mjane anavyokaa kwetu. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali ambayo hakuigusa kwa uchungu. Nyuma ya nyumba watu walikula wakasaza.

Mwaka huu wasanii maarufu wa Ulaya wametoa wimbo wa kuchangia maskini. Kwenye video yupo mama yangu. Sahani imekatwa, haionekani. Wanaimba kwamba ana njaa na hana wa kulia naye. Hana wa kulia naye! Kijiji kizima kilikuwa uani!

Michango ikatuletea bati za jengo la shule ya Jumapili. Sasa yule mgeni wa kamera anarudi Jumamosi na wenzake. Kwaya itawaimbia wimbo huohuo kwa Kiswahili, na mama ameombwa akae tena mkekani. Nikapinga kwenye kikao cha kwaya.

"Mwalimu, vitabu vimekuharibu," akacheka dada mmoja ninayeimba naye sauti ya pili. "Kukaa chini tu, atapungukiwa nini?"

Tangu siku hiyo nakaa peke yangu kwenye benchi la kwaya. Nikisalimu "Kamwene" njiani, mtu ananiitikia kwa kichwa tu, anapita. Hata nyumbani niko peke yangu, maana mama anasema, "Mwanangu, nitakaa tu. Wasije wakasema nimewanyima watoto bati." Jana nilimkuta anaukung'uta mkeka ule. Wakwe zake walishamwinua pale kimila, matanga yakaisha. Jumamosi atakuwa anamlilia nani?

Wasomaji, nishaurini: nimzuie mama yangu mtu mzima, au nisimame nikatize wimbo mbele ya wageni?

Na ninyi wanakwaya mnaousoma ukurasa huu, najua mmeshanitambua. Mlichimba kaburi la baba. Mlikula ule wali. Jumamosi, kabla hamjaanza kuimba, mwambieni mgeni siku ile nani alikuwa amekufa.