Ramani Wakati Ziwa Limefungwa

Uvuvi ulikuwa umefungwa, na samaki wabichi sokoni Kashikishi wakionekana hunyang'anywa na wakaguzi. Nami, kwa akili zangu, nikakunjua ramani papo hapo nitafute njia ya Nchelenge. Mama mmoja Mkongomani akafunika beseni lake la samaki kwa kitenge upesi.

"Papa, hii rangi ya bulu njo nini?"

"Maji, mama."

"Na hii nukta-nukta?"

"Mpaka wa Kongo na Zambia."

"Na fasi ya samaki, uliandika wapi?"

Nikaapa mimi si mkaguzi, ni mtu aliyepotea tu.

"Nchelenge iko kule," akasema, kidole kikielekea magharibi, ziwani.

Ramani ilisema kusini. Lakini mama yule alihitaji kuona mgongo wangu tu. Nikamshukuru, nikaenda magharibi mpaka viatu vikalowa.