Kapaso na Wavu wa Kaka Yake

Wasomaji wangu, yule mzee wa Kabuta aliyewahi kuwa tarishi wa chifu, ambaye huku tunamwita kapaso, amefariki. Habari zilinikuta napima samaki, nikaendelea kupima. Sikulia, na hata sasa silii. Ninachojua ni kwamba alinipa ujumbe kwa kaka yake aliyeko Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, ninakokwenda kununua samaki, nami nikachelewa kuufikisha. Mara upepo, mara uvivu.

Alianza kazi akiwa kijana, Waingereza wakiwa bado hapa. Serikali yao haikupenda kuchafua mikono. Ilimwachia chifu kiti chake, baraza lake na makapaso wake, kisha ikamwandikia barua za kumwambia la kufanya. Amri ilitoka bomani, ofisini kwao, ikasomwa kijijini kwa jina la chifu, na aliyechukiwa ni chifu. Siku moja barua ilisema nyavu zenye matundu madogo zichomwe. Chifu hakuweza kukataa, lakini alimtuma kapaso kwa baiskeli na kumwagiza apige kengele tangu mbali. Watu wa Kabuta wakaelewa, wakaficha nyavu zao. Mmoja tu hakuficha: kaka yake mwenyewe, aliyeuacha wavu wake ukikauka juani. Nyuma ya baiskeli alikuja ofisa Mzungu na gari, na huyo hakuwa tayari kurudi bila kuona moshi. Kapaso akauchoma wavu wa kaka yake. Kaka akahamia Kilwa, na tangu hapo hawakusemeshana.

Mzee alinisimulia hayo akiwa tayari mgonjwa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Aliogopa kufa bila msamaha, na ujumbe wake kwa yaya, yaani kaka yake mkubwa, ulikuwa mfupi. "Umwambie yaya, kengele nilipiga. Nilipiga sana."

Siku ya tatu baada ya maziko ndipo nilipovuka. Nilimkuta kaka mtu ameketi mlangoni, macho yamekwisha nguvu. Nikampa habari ya msiba, kisha maneno ya marehemu.

"Nilisikiaka kengele," akasema. "Nikasema, ni mudogo yangu anakuya, hawezi kuchoma yangu."

Nikamuuliza kama angemsamehe.

"Nilimusamehea zamani, mama. Nilikuwa namungojea yeye mwenyewe. Sasa na yeye anatuma mutu?"

Nikanunua samaki wangu nikarudi. Boma lilimtuma chifu, chifu akamtuma kapaso, naye kapaso uzeeni akanituma mimi. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na labda hakujua njia nyingine ya kufikisha neno zito. Wale walioleta utawala huo wa kutumana walipanda gari wakaenda zao. Hawakuwa na ndugu hapa. Sisi tunao. Kama una neno kwa ndugu yako, msomaji wangu, panda mtumbwi uende mwenyewe.