Jina la Nafula na Printa ya Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bisibisi, kitambaa na taipureta ya kinu iliyojaa vumbi la unga. Mkurugenzi, Singasinga aliyerithi duka la mashine za ofisi hapa Nakuru kutoka kwa babake, aliniambia, "Binti, usifungue kitu kabla mashine haijakwambia inaumwa wapi." Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika karakana yake. Wenzangu walidhani nimekuja kupika chai.

Baadaye nikahamia mashine za kunakili, nikapelekwa tawi la Naivasha, kisha nikarudi Nakuru nikiwa msimamizi wa karakana. Kompyuta zilikuwa zimeenea, na printa nyingi zilikuwa za sindano: sindano ndogo hugonga utepe wa wino na kuacha herufi kwenye karatasi. Zilikuwa na kelele kuliko cherehani, lakini hazikufa upesi.

Mapema mwaka wa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, niliitwa kanisani kubadilisha utepe wa printa kama hiyo. Ukumbi ulijaa familia zilizokimbia makwao. Karani wa parokia aliandika kwa kalamu majina ya watu waliopotezana, akavuka uwanja hadi ofisini, akayapiga kwenye kompyuta na kuyachapisha. Kila siku saa nane mchana lori lilipeleka nakala kwenye kambi nyingine.

Mama mmoja alinivuta mkono mbele ya orodha iliyobandikwa ukutani. Yeye na bintiye wa miaka saba walikuwa wamepandishwa malori tofauti.

"Dada, hapa wameandika Nafuna. Mtoto wangu ni Nafula. Mimi sikusoma sana, lakini jina la mtoto wangu nalijua."

Karani alishika kichwa. Alikuwa amekosea kusoma mwandiko wake mwenyewe, na orodha ya jana ilikuwa imeshaondoka.

Padre akaniuliza, "Fundi, ofisi haiwatoshi watu hawa wote. Si tulete printa hapa, kila mtu aone jina lake likiandikwa?"

"Ukumbi hauna stima, Padre."

"Na laptop ya parokia? Ina betri."

"Haina tundu la kebo ya printa ile. Hata ingekuwa nalo, kebo haivuki uwanja."

Nilirudi dukani mbio. Mkurugenzi alinisikiliza, akashusha kutoka rafuni kisanduku chenye antena ambacho wateja walikuwa wamekipuuza kwa miezi. Kazi yake ni kupokea maandishi ya laptop kwa njia ya hewa na kuyapitisha kwenye kebo hadi kwa printa.

"Chukua," alisema. "Mwaka huu kila mtu atoe alicho nacho."

Nilikichomeka kwenye printa, lakini ukumbini laptop haikukiona. Kuta za mawe zilikuwa zinameza mawimbi. Nikakihamishia kwenye dirisha la ofisi, kikaonekana. Karani akabonyeza, printa ikanguruma ofisini, na tulipokwenda kutazama tukakuta ukurasa mzima wa alama zisizosomeka. Saa saba ilikuwa imepita, na lori lingeondoka saa nane.

Nikakumbuka neno la Mkurugenzi: niiulize mashine kwanza. Niliizima, nikaiwasha huku nimebana kitufe cha kusukuma karatasi, ikajichapishia ukurasa wa majaribio wenye jina la modeli yake. Kumbe nilikuwa nimeweka dreva ya printa nyingine. Dreva ndiyo programu inayoifundisha laptop lugha ya printa. Nikaweka ile sahihi.

Mama Nafula alikaa kando ya karani, kidole karibu na skrini. "N... a... f... u... l... a. Ndiyo. Huyo ndiye wangu." Karatasi ilitoka, nikaikimbiza kwa dereva wa lori aliyekuwa ameshawasha injini.

Siku tatu baadaye lori lilirudi kutoka kambi ya Naivasha. Walipokuwa wakisoma orodha kwa sauti huko, msichana mmoja alisimama na kusema, "Ni mimi." Aliposhuka kwenye lori, mama yake alimbeba uwanjani kote, ingawa miguu ya mtoto ilikaribia kugusa chini.

Sasa nimestaafu, naishi Kiamunyi, na mikono imeanza kutetemeka. Namshukuru Mkurugenzi aliyeniamini akanipa bisibisi, na Padre aliyeuliza swali lililofaa. Vijana wakinitembelea huniambia siku ile niliokoa mtoto. Mimi nilihamisha tu kisanduku dirishani. Aliyemwokoa Nafula ni mwanamke asiyesoma sana, aliyesimama mbele ya karatasi iliyochapishwa na kusema kwamba imekosea.