Debe ni Debe

Mabwana wa migodi wamebishana miaka na miaka: nguvu ya kuponda jiwe hufuata uzito wake, au hufuata udogo unaotakiwa? Wangemwuliza Jedidah wa Mraru, angewajibu kwa matusi.

Mwaka wa 1953 mashine ya kuponda iliharibika kwenye machimbo ya bondeni, wanawake, Jedidah akiwamo, wakapewa nyundo. Kazi ya siku ilikuwa madebe mawili ya mawe ya ukubwa wa ngumi. Kisha likaja agizo: sasa yawe madogo kama punje za mahindi. Na madebe? Yale yale mawili. Asiyemaliza asirudi kesho.

Nyapara aliyesimamia agizo hilo alikuwa Danson, shemeji yake Jedidah. Miongoni mwa wapondaji alikuwamo Mama Wakesho, aliyemzaa huyo huyo Danson na kumlea kwa jembe. Jiwe la ngumi hupatikana kwa pigo moja. Ulifikishe kwenye punje, utapiga mpaka mkono ufe ganzi. Kila jioni Jedidah alimaliza yake, akamalizia ya mama mkwe, maana viganja vya mama vilikuwa vimechubuka hadi damu. Alipomlalamikia Danson, Danson alimjibu mbele za watu kwamba bwana wa machimbo ameshapiga hesabu, uzito haukuongezeka.

"Debe ni debe, shemeji."

Jumapili Danson alikuja kula kwa mamake kama kawaida yake. Jedidah aliyaparaza mahindi mara moja tu kwenye jiwe, akasonga sima, akamwandalia. Danson akatafuna, akatema, akauliza huu ni unga gani.

"Kibaba ni kile kile," Jedidah akasema. "Debe ni debe, shemeji."

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wakesho aliinuka, viganja vimefungwa vitambaa, akaenda jikoni kumsagia mwanawe unga laini. Jedidah alitaka kulia kwa hasira: hasira na Danson, hasira na bwana wa machimbo, hasira hata na mama huyu asiyejua kukasirika. Tangu aolewe hakuwahi kumwacha asage. Siku hiyo hakumpokea jiwe.

Danson akaaga, akidai ana haraka. Jedidah akaketi mlangoni, akaziba njia.

"Huendi. Kaa usikie unga ukisagwa mpaka uwe laini."

Danson akakaa. Jikoni jiwe lilikwenda na kurudi, likasimama kidogo mama akifunga vitambaa upya, likaanza tena.