Donge Lililokataa Kusogea

Kabla hamjanicheka, kaangalieni kwanza televisheni zenu kama mmezivua plastiki. Hapa Uvira kitu kipya hakivuliwi plastiki yake, kisije kikazeeka. Mashini ya ekografi, ile ya kuonyesha moyo kwenye kioo, ilipofika kliniki yetu ya Rugenge, mimi, daktari mzima, niliagiza plastiki ya kioo isiguswe.

Juzi akaja mzee Ndoli, mfugaji wa Rurambo, analalamikia pumzi. Nikampaka jeli, nikapitisha kifaa kifuani, na pale kwenye kioo, katikati ya moyo, nikaona donge la damu, la mviringo.

"Mzee, usikohoe," nikamwambia. "Hilo donge likichomoka, linapanda kichwani."

Mkewe akaanza kulia. "Dokta, miye nitabaki na nani?"

Moyo ulidunda, donge halikutikisika hata kidogo. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijisifu kwa jicho kali, nikawaita wauguzi wote waje wajifunze. Nilikuwa nimenyoosha kidole, nikieleza kwa nini mzee apelekwe Bukavu siku hiyohiyo, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi.

Mke wa mzee akafuta machozi, akasogeza uso karibu na kioo.

"Dokta, moyo imezimika, lakini donge iko palepale."

Akalibonyeza kwa kidole gumba. Kumbe ni hewa tu. Ikateleza chini ya plastiki mpaka pembeni, ikaishia huko. Wauguzi wakaangalia sakafu.

Kitandani mzee Ndoli alikuwa bado amejikaza, mishipa ya shingo imemtoka.

"Dokta," akauliza polepole, "sasa naweza kohoa?"