Mdomo wa Bunduki ya Baba

Enzi zetu njiwa walikuwa watamu, hilo sibishi. Wenzangu wa rika langu tukikutana baada ya misa hurudia yale yale: Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa safi, barabara zilifagiliwa, mkate ulikuwa na ladha, watoto walikuwa na adabu. Mimi huitikia kwa kichwa mpaka mmoja aseme, "Wakati ya Babeleji tuliishi muzuri." Hapo, Wabelgiji waliotutawala wakisifiwa, huweka kikombe chini. Acheni niwaeleze polepole kisa cha bunduki ya baba, mjue kwa nini uso wangu hubadilika.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Kwa mtu mweusi kupata ruhusa ya bunduki ilikuwa shida kubwa, lakini padre alimsemea na baba akapata: bunduki ya mitutu miwili, kitako chake kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa kama kiatu cha Pasaka. Jumapili tulitoka naye, mimi na dada yangu Odila, tukipita ng'ambo ya Karavia, nje ya mji, hadi kwenye mashamba ya mtama. Tulivaa magauni ya zamani yaliyokwisha kukatazwa kanisani. Mifukoni tulikuwa na karanga za kukaanga, na nyuma yetu moshi wa kiwanda ulisimama juu ya mji kama kawaida yake.

Baba hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Kabla ya kutufundisha kunyamaza shambani, alitufundisha mdomo wa bunduki. Alileta kipande cha mpira wa maji, akakifunga kwenye bomba la kambi ya wafanyakazi wa reli tulikoishi, akamwita Odila, ambaye kwetu aliitwa Yaya, dada mkubwa.

"Yaya, shika. Acha maji itoke yenyewe."

Maji yakatoka, yakamwagika mapana hapo karibu na miguu.

"Sasa finya kinwa yake."

Odila akabana kwa kidole. Maji yakawa membamba, yakaruka mbali mpaka yakampata mama aliyekuwa akianika nguo. Mama akapiga kelele, "Baba Odila! Masomo yako iko inanilowesha miye?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini tulielewa. Bunduki ya njiwa haitoi risasi moja. Inatoa chembe nyingi ndogo, na chembe hizo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Ncha ya mtutu ikiwa imebanwa kidogo ndani, chembe hukaa pamoja na kufika mbali. Isipobanwa, hutawanyika mapema. Wazungu walikuwa na jina lao la kubanwa huko. Baba aliita mufinyo. Mtutu wa kulia wa bunduki yake ulikuwa na mufinyo wa kiasi, kwa njiwa anayekuja juu ya mtama. Wa kushoto ulifinywa sana, kwa yule aliyeshtuka na kuanza kukimbia. Kuchagua ni kujua njiwa yuko wapi. Ukimpiga wa karibu kwa mtutu uliofinywa sana, unaleta nyumbani manyoya na nyama ya kusaga. Ukimpiga wa mbali kwa mtutu ulio wazi, chembe zinampita huku na huku, au anakwenda kufa porini bila faida kwa mtu yeyote. Hilo la pili baba alilichukia kuliko kurudi mikono mitupu.

Ili kuhakikisha, alitundika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye kichuguu, akaipiga. Kazi yangu ilikuwa kushika njiwa wa katoni, aliyekatwa kwa mkasi wa mama, na kumtembeza juu ya karatasi kati ya matundu.

"Anapita?" baba aliuliza.

"Hapiti, baba. Kila mahali anaguswa."

"Basi twende."

Ndivyo tulivyokula njiwa. Mama aliwapika na vitunguu na mawese, bukari, ugali wetu, pembeni, na nyama ilikuwa nzima, ya kushika kwa vidole.

Mwaka ule Odila alichumbiwa na kijana wa Kasai. Majirani walinong'ona, unajua maneno ya watu: kwa nini Mukasai, wa kwetu wamekwisha? Baba alimwambia baba wa kijana, Tata Mukendi, karani mwenye miwani na suti ya kijivu, kwamba siku ya kuja kukaa pamoja angekula njiwa waliopigwa na mkono wake mwenyewe. Kwa baba hilo lilikuwa neno zito. Alitaka wageni wale waone kwamba binti anatoka kwenye nyumba inayojua kazi yake.

Kabla ya siku hiyo mkubwa wa baba pale karakana, Mbelgiji, akaja kuazima bunduki. Kuazima ni neno langu. Yeye alinyoosha mkono tu. Alikwenda nayo mtoni na rafiki zake. Akailaza kwenye ukingo, ncha ikaingia matope, akainyanyua na kufyatua bila kuangalia. Matope yakaziba njia na mtutu mmoja ukapasuka mdomoni. Kosa la kutoangalia mdomo, lile ambalo mimi na Odila tungechapwa kwalo.

Angeweza kusema pole. Badala yake aliwapa watu wa karakana msumeno, wakakata ncha za mitutu yote miwili ili zilingane. Akaja mlangoni kwetu, sisi watoto tumesimama pale.

"Nimekutengenezea," alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Sasa iko fupi, iko nyepesi. Njiwa iko njiwa tu."

Baba aliitazama ile ncha mpya, inayometa. Mufinyo wote ulikuwa umebaki kwenye sakafu ya karakana. Yule mtu hakuondoka. Alikuwa anangoja kitu, na sote tulijua ni kitu gani.

"Asante, Bwana," baba akasema.

Mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yanawaka moto. Bunduki ilikuwa chuma, chuma huharibika. Lakini kumwibia mtu mufinyo wake halafu kusimama mlangoni kwake kungoja shukrani! Na kuna watu wananiambia barabara zilifagiliwa.

Baba alitundika karatasi ya saruji, akapiga. Nikamtembeza njiwa wangu wa katoni. Alipita. Alipita juu, akapita chini, akapita katikati.

"Anapita?"

Nikamtembeza tena, kuanzia juu. Baba akaikunja karatasi.

Mama alisema, "Baba Odila, nitapika samaki ya Kilwa, ile ya ziwa yetu. Acha hii kiburi."

"Nilishasema njiwa."

Jumapili asubuhi juu ya mtama alipiga, manyoya yakaelea hewani, njiwa wakaenda zao, mmoja akining'iniza mguu. Baba akashusha bunduki, hakupiga tena. Tukamfuata hadi kwenye dimbwi njiwa walikokuwa wakinywa maji, akalala kwenye majani karibu kabisa, maana bunduki iliyo wazi haijui umbali. Hapo aliwapata, lakini wameliwa na chembe mwili mzima. Mama aliwachambua, akawazamisha kwenye mchuzi mzito ili maumbo yasionekane.

Wageni wakaja, tukala. Katikati ya sifa za mchuzi tukasikia tak. Tata Mukendi akatoa chembe mdomoni, akaiweka ukingoni mwa sahani.

"Baba Odila," alisema, "banjiwa ya huku beko na meno?"

Watu wakacheka. Kisha tak nyingine, na nyingine. Kicheko kikapungua. Odila aliinamisha kichwa. Nikadhani baba atasema ni bahati mbaya.

"Bwana wa kazi alikata kinwa ya bunduki yangu," alisema. "Akaniletea hapa, mbele ya batoto. Na miye nikasema asante."

Tata Mukendi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na miye nilisema hiyo asante," akajibu. "Juzi. Ofisini." Akavaa miwani, akasogeza sahani. "Mama Odila, ongeza. Tutatafuna polepole."

Kwetu ndoa ilifungwa siku ile, kabla padre hajaifunga kanisani.

Mjukuu wangu, yeye na simu yake, alinionyesha juzi bunduki za leo: mufinyo unaufungua kwa mkono kama kifuniko cha chupa, unatia mwingine. Yeye mwenyewe hajawahi kumnyonyoa hata kuku. Akimwona njiwa anampiga picha. Nilimweleza hata hivyo, kwa mpira wa bustani, na nikamlowesha viatu vyake vyeupe makusudi. Alielewa haraka, ni mtoto mwenye akili. Kisha akaniuliza, akiniita bibi kwa neno letu, "Kambo, zamani ilikuwa muzuri kupita leo?"

Njiwa walikuwa wengi. Mtama ulifika karibu na mji, na sasa pale pote ni nyumba na vumbi. Baba alikuwa hai. Ningeweza kumjibu hivyo, na ingekuwa kweli.

"Nitakuambia kitu moja," nilisema. "Mutu akikukatia kinwa ya bunduki, usiseme asante."