Shakwe Kwenye Bwawa la Mbuzi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa mama mmoja mfugaji, mteja wangu wa waya na misumari pale dukani kwangu, mtaa wa Waberi mjini Garissa, na siku hiyo hata salamu hakutoa.

"Wewe mtu ya misumari, si unasema unajua ndege? Kuja. Imekufa kwa maji."

Bwawa lake liko kando ya barabara ya Dadaab. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma kutoka upande wa bahari, bila tone la mvua. Nilipofika, mbuzi walikuwa wamefungiwa ndani ya ua wa miiba wakilia kwa kiu, naye ameshaagiza boza, lori la tangi la maji, kutoka mjini. Aliamini bwawa limeingia sumu.

Ndege tisa walikuwa wamesukumwa hadi kwenye tope la ukingo. Nilivaa glavu, nikawapanga juu ya gunia. Sikusomea ndege popote. Nimenunua vitabu vya mtumba, na kwa miaka mingi kila ndege niliyemkuta amegongwa barabarani nimempima kwa futi kabla ya kumzika.

Nilianza na miguu: vidole vimeunganishwa kwa ngozi. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, paji la uso jeupe, mkia umegawanyika kama mkasi. Nilipima bawa, nikafungua kitabu, nikapima tena. Wote walikuwa aina moja, shakwe wa bahari kuu, asiye na shughuli yoyote Garissa.

"Nyinyi watu wa bara mnakula hata hizi?" mama akaniuliza, maana mimi si mzaliwa wa huku.

"Hapana, mama. Hawa wenyewe ndio hawakula."

Nikampa glavu, nikamwomba amguse mmoja kifuani. Alisita, kisha akafinya. Kila ukame mkono wake hupita hivyo hivyo juu ya migongo ya mbuzi.

"Hakuna nyama," akasema. "Mfupa tu. Wallahi, hii imekufa na njaa."

Ndivyo nilivyoona mimi pia. Upepo uliwatoa baharini, wakaruka juu ya nchi isiyo na samaki, wakaona maji, wakaanguka. Ng'ambo ya bwawa njiwa walikuwa wakinywa bila wasiwasi. Hata hivyo nilimwambia kwamba hayo hayatoshi kuapia. Basi akamtoa beberu mmoja mzee, akamwacha anywe kwanza, akamrudisha uani, nasi tukakaa tukimtazama huku nikiwazika shakwe. Kufikia adhuhuri beberu alikuwa amevunja ua kwa pembe na kurudi kunywa mara ya pili.

Mama alicheka, akawafungulia wote, kisha akampigia dereva wa boza. "Rudi. Maji ni mzuri. Nimepima mwenyewe."

Sikumsahihisha. Nilirudi dukani nimenyoosha mgongo kama mtu aliyepewa cheo. Boza lile lingemgharimu shilingi elfu kumi na mbili, na zote zilibaki mkobani mwake.